Jinsi ya Kuwa Mtu wa Kusini Bila Kutoka New Jersey

Kwanza kabisa, zaliwa kaskazini. Roki ya Kusini ya Marekani ilikulia Jacksonville na Macon, kwa akina Lynyrd Skynyrd na Allman Brothers; wewe zaliwa Bayonne, New Jersey, kama mpiga gitaa Zakk Wylde. Mzaliwa wa Kusini hahitaji mwongozo.

Kisha uajiriwe na Ozzy Osbourne umpigie gitaa la metali. Wylde alianza mwaka 1987, akiwa na miaka 20. Tajiri akitangaza mwaka 1992 kwamba anastaafu, usimwamini, ila nafasi usiiache.

Wenzako wa bendi usiwatafute mashambani. Wachukue James LoMenzo, mpiga besi wa Brooklyn, na Greg D'Angelo, mpiga dramu, waliotoka White Lion mwaka 1991. Hiyo ilikuwa bendi ya metali ya suruali za kubana na nywele zilizotimka kwa dawa ya kupuliza. Nywele waachie, Kusini nako zinakubalika. Suruali ndizo za kubadilisha.

Jina ndilo kazi. Wao walianza kwa kujiita Lynyrd Skynhead, na hapo nawavulia kofia: Skynyrd wenyewe walipata jina kwa kumdhihaki mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, kwa hiyo hii ilikuwa dhihaka iliyozaa mjukuu. Baadaye wakawa Pride & Glory. Albamu ya White Lion ya mwaka 1987 nayo iliitwa Pride. Huenda ni sadfa, lakini mtumba huwa haukosi harufu ya kabati la mwenyewe.

Sasa nunua banjo. Lilie tangu wimbo wa kwanza, kabla msikilizaji hajauliza kwenu ni wapi, kisha gitaa liingie kwa uzito uleule wa kwa Osbourne. D'Angelo akiondoka, mlete Brian Tichy, mwana wa New Jersey pia. Kusini kuna wenyewe.

Albamu itoe mwaka 1994, wakati vijana wamehamia kwa wanung'unikaji wa Seattle, na uitoe Geffen, kampuni ileile ya wanung'unikaji Nirvana. Mwezi Juni nenda ukapige kwenye tamasha la Donington, Uingereza. Siku hiyohiyo watapanda Pantera, vijana wa Texas, watu wa Kusini kwa kuzaliwa. Wao wanapiga metali. Usiwaulize kwa nini. Tazameni pembeni, nyote wawili.

LoMenzo ataondoka kabla mwaka haujaisha, na Desemba bendi itakufa. Usivae nguo nyeusi: miaka minne baadaye utaanzisha Black Label Society na kurudi kwenye metali, naye LoMenzo baadaye ataangukia Megadeth.

Na yule tajiri mstaafu? Mwaka 1995 alirudi jukwaani kwa ziara ambayo jina lake lilikuwa tusi kwa kustaafu. Wylde alikuwa amepiga kwenye albamu mpya. Ziarani, gitaa alishika mtu mwingine.