Kukonwa Iko kwa Kamusi?

Jumamosi jioni, hapa Riruta Satellite, githeri ikichemka, binti yangu wa Gredi ya Sita aliniletea daftari. Mwalimu alitaka maneno matano ya Kiingereza ya kuzungumzia udanganyifu, kila neno na sentensi yake, kisha mzazi atie sahihi.

Nikavuta kiti. ‘Lie’, nikamwambia, ni uongo wa kawaida. ‘Fib’ ni kale kauongo kadogo ka kuepuka kelele. ‘Bluff’ ni makanga kukuapia kwamba gari linaondoka sasa hivi, na ndani mko wawili. ‘Con’ nayo, nikakohoa kidogo, ni…

Simu ikalia. Meseji: nimepokea shilingi 1,350. Sijamaliza kuisoma, mama mmoja akapiga huku analia. Amekosea namba, pesa ni za dawa ya mtoto. Nikamtumia zote, na pole juu. “Mungu akuzidishie, baba,” akasema.

Binti alikuwa ameshaishika simu. “Baba, hii imetoka kwa namba ya mtu. Za ukweli huandikwa MPESA hapo juu.”

Nikaangalia salio. Limepungua. Huduma ya M-Pesa iko tangu 2007, na mimi ndiye huwafundisha majirani kwamba aliyekosea namba huituma meseji yake kwa 456, hana haja ya kumlilia mtu.

“Umekonwa,” binti akasema. Kisha, kwa utaratibu kabisa: “Kukonwa iko kwa kamusi?”

Kamusi zina laghai, tapeli, hata ayari. Lakini Nairobi tumelichukua neno la Mwingereza tukalibandika -wa, maana anayesimulia huwa ni aliyetendwa. Sijasikia mtu akianza hadithi na “nilikon”.

Pesa hizo zilikuwa za gesi, na gesi ikazimika maharagwe bado magumu.

“Baba watoto, si ulisema unaenda kujaza mtungi?” mke wangu akauliza.

“Duka wamefunga mapema leo.”

Akawasha jiko la makaa bila neno.

Saa tatu usiku daftari likampata yeye. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kikasimama kwenye namba mbili. Neno ‘fib’: baba alimwambia mama kwamba duka la gesi limefungwa.

Akatia sahihi. Akafunga daftari, akanyoosha mkono.

“Leta simu.”