Mgeni Aliyepewa Vyumba Vinane

Miongoni mwa makosa ya ukarimu yanayotendwa mbele ya kompyuta, hakuna linalotendwa kwa moyo mweupe kuliko lile la kuirundikia mashine pepe vichakataji kwa matumaini kwamba itawaka upesi, kisha kukodolea macho kioo cheusi chenye kistari kimoja kinachowaka na kuzimika huku chai ikipoa. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili, yaani programu inayoishi ndani ya kompyuta halisi na kujiona ni kompyuta kamili. Mafundi huiita mgeni, na ile halisi huiita mwenyeji, kwa hiyo aibu zote zinazojulikana baina ya mgeni na mwenyeji zimo humu, isipokuwa ile ya kumpa mtu jembe siku ya tatu.

Katika mipangilio ya VirtualBox, ambayo ni mojawapo ya programu za kuendeshea mashine hizo, mstari wa kuchagulia idadi ya vichakataji una sehemu ya kijani na sehemu nyekundu, na wekundu huanza pale idadi inapovuka viini halisi vya mwenyeji. Mwandishi wa insha hii, ambaye kwa muda mrefu aliamini kwamba wekundu huo ni pambo, aliwahi kuusukuma mstari mpaka nane katika kompyuta yenye viini vinne, akaondoka akijisifu.

Ilivyo ni kwamba kichakataji pepe si kitu, bali ni zamu ya kutumia kiini halisi, na zamu nane zikigombea viini vinne, ambavyo mwenyeji naye anavitumia kwa shughuli zake, lazima baadhi zingoje. Kungoja peke yake kusingekuwa balaa, lakini keneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, hulinda mali yake kwa kufuli za namna ya pekee: kichakataji kinachotaka kuingia hakilali, bali huzunguka papo hapo kikiuliza bila kuchoka kama kufuli limefunguliwa. Mwenyeji, asiyejua nani ameshika nini, huweza kumwondoa kwenye kiini yule yule mwenye kufuli na kuwapa zamu wale wanaouliza. Ni sawa na nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, ambamo mpangaji mwenye ufunguo ametumwa sokoni na wengine saba wamepewa ruhusa rasmi ya kusimama mlangoni wakibisha hodi.

Mwandishi, baada ya kusoma kidogo, jambo ambalo ni hatari kuliko kutosoma kabisa, alilitupia lawama jambo jingine. Kompyuta ya jamii ya Intel inapowaka, huamka kichakataji kimoja tu, nacho ndicho kinachowaamsha wenzake, na kwa miaka mingi Linux, mfumo endeshi wa mgeni wetu, ilifanya hivyo kwa kumfuata kila mmoja na kungoja milisekunde 10 baada ya kumgutusha. Hoja ilikuwa tamu mpaka ilipopigiwa hesabu: vichakataji saba vya kuamshwa ni milisekunde 70, muda usiotosha hata kupiga chafya. Katika seva yenye vichakataji 96 ngoja hiyo ilikaribia sekunde nzima, na ndiyo maana mwaka 2015 iliondolewa kwa vichakataji vya kisasa, na Linux 6.5 ya mwaka 2023 ikaruhusu sehemu kubwa ya uamshaji kufanyika kwa pamoja. Lakini huo ulikuwa ugonjwa wa matajiri, na mgonjwa wetu alikuwa maskini anayejifanya tajiri.

Ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Amri ya dmesg huonyesha kumbukumbu za keneli, kila mstari ukitanguliwa na sekunde zilizopita tangu iamke, na anayezisoma kwa kidole, kama karani anayekagua daftari la madeni, atafika mahali ambapo namba zinaruka, kwa mfano kutoka 2 hadi 31, bila maelezo yoyote. Chini ya dirisha, kwenye upau wa alama, alikuwepo pia kobe mdogo wa kijani, ambaye mwandishi alimpenda kabla ya kumwelewa. Kobe huyo si yule wa hadithi anayemshinda sungura kwa hila. Ni tangazo kwamba Windows imekwisha kuushika uwezo wa kichakataji wa kubeba mashine pepe kwa kutumia Hyper-V, msimamizi wake yenyewe, na kwamba VirtualBox inafanya kazi kwa hisani yake, kama mpangaji aliyepangishwa na mpangaji.

Hyper-V ilizimwa, kobe akaondoka bila kuaga, na vichakataji vikapunguzwa kutoka nane hadi viwili, kwa uchungu wa mtu anayerudisha zawadi dukani. Sasa mashine huwaka kabla andazi la kwanza halijaisha, na mwandishi amepoteza kisingizio pekee alichokuwa nacho cha kukaa kwa mama ntilie mpaka saa nne.