Avenyu Nzima Inamjua Bata Wangu

Jirani, usiniulize tena kama bata ametaga. Uliza avenyu. Mimi ni mwenye lupango tu. Pumba za mahindi nanunua mimi, mavi asubuhi nazoa mimi. Habari hazinifikii.

Hapa Luano kila mtu ni dokta wa bata. Ndege inapita juu ya mabati ikienda kutua, maneno yanakatika. Ikishatua, wanaendelea palepale: "Papa, bata yako anakaribia." Anakaribia wapi? Nimemwangalia vizuri. Miguu miwili, mdomo, mkia. Jana alikuwa hivyo hivyo.

Eti niangalie sura. Hawa bata wetu wa Barbarie wana nyama nyekundu kuzunguka macho, na jike akitaka kutaga wekundu unakolea. Nani alinifundisha? Nilimwona macho yamewaka, nikakimbia farmasi kuomba dawa. Binti akauliza mgonjwa ana umri gani. Miezi sita na kitu, nikasema. Akaniuliza kama ananyonya. Nikasema hapana, ana manyoya. Foleni nzima ikaangua kicheko. Muzee mmoja kule nyuma, bata hajamwona hata kivuli, akapaza sauti: "Miezi sita? Huyo anatafuta kutaga, patro!" Unaona sasa? Hata kwenye foleni wananipita.

Halafu Jumapili. Nimevaa shati ya misa, nyeupe, imepigwa pasi na makala, unajua umeme wetu. Mama jirani anaingia, anamkamata bata, anambana kwapani, kichwa nyuma. "Papa, leta mukono." Chini ya mkia kuna mifupa miwili, anasema, huku na huku ya njia ya yai. Kidole kimoja kikikwama katikati, bado sana, nenda zako ulale. Vikipita viwili, vitatu, na pale pamekuwa laini na majimaji, yai liko njiani. Vyake vikapita vitatu. Zamu yangu ikafika. Nilipogusa tu, bata akaachia kila alichokula tangu Ijumaa. Misa niliisikilizia nje, chini ya mwembe, na kote upepo ulikovuma watu walihama.

"Vidole vyako vinene, Papa," mama akanifariji.

Mambo mengine wananisomea kutoka ng'ambo ya ukuta. Anakula mara mbili. Tumbo limeshuka, anatembea kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Dume akimkaribia, anainamisha shingo, analala chini. Anaingia pembe za giza, anakanyaga majani, anazunguka, anakaa, anaondoka. Mimi nilifikiri ananichunguzia nyumba.

Basi nikampangia sanduku. Majani makavu, kivuli, gunia mlangoni. Hata mimi ningelala humo, na siku ile ya shati mke wangu alitaka iwe hivyo. Bata akachungulia, akanitazama, akaruka ukuta. Ndiyo, akaruka! Hawa wa Barbarie wanapaa, hasa majike, si kama wale weupe wazito. Hilo nalo avenyu ilijua. Wangeniambia nimpunguze manyoya ya bawa moja, si tungeelewana?

Tena bata anataga alfajiri. Wengi, saa tatu ikifika, wamemaliza kazi. Ndiyo maana wajuzi wanawafungia mpaka hapo. Mimi nafungua saa kumi na mbili, maana mke wangu anasema nikisikia mlango unagongwa-gongwa nisijifanye nimelala. Bata anatoka, anapaa, anarudi saa nne mwepesi, ana njaa. Namwuliza umetoka wapi. Jike la Barbarie sauti yake ni ndogo, jibu silisikii. Watoto wa lupango la nyuma nikiwauliza, wananiambia, "Bado, Papa, vumilia." Midomo inang'aa mafuta.

Kwa hiyo jirani, nakuomba. Yai lake ni jeupe-jeupe, kubwa kuliko la kuku. Ukilikuta kwenye sahani yako, malizia tu, sitagombana. Lakini yakifika kumi na mawili, usiguse tena, mwache alalie: siku 35, siyo 28 za bata wale wengine. Na vifaranga wakitoka, tuma hata mtoto aje kuniambia. Mimi ndiye mwenye bata.