Jua la LUKU: Mwongozo wa Kulima Saladi Ndani ya Kontena

Kabla hujaanza, toka nje saa sita mchana, simama uwanjani, inua uso. Hicho kinachokuchoma utosi ndicho utakachokinunua kwa uniti kuanzia mwezi ujao. Kama hamu bado ipo, vuta kiti.

Nakuelekeza kwa uzoefu. Kontena langu la futi 20 liko Kimara, nyuma ya nyumba, na kwa miezi kumi na minne nimelima saladi humo. Saladi, si mchicha. Mtu hanunui sanduku la chuma lenye tani mbili na ushee ili aoteshe kitu ambacho jirani yake anakipata kwa kumwagia maji aliyooshea mchele.

Anza na dalali. Utampata Kurasini na kwingineko karibu na bandari kavu, na hutamtafuta sana kwa kuwa yeye ndiye atakayekutafuta. Atagonga ubavu wa kontena kwa vifundo vya vidole, ngo, ngo, kisha atasema: "Halivuji hili, bosi." Namna ya kuhakikisha ni moja. Ingia ndani, akufungie mlango mchana kweupe, utafute vitundu vinavyopitisha mwanga. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Ukishalipa hana tena sababu ya kukufungulia.

Ukiwa mlangoni, soma kile kibao cha chuma. Kina mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi kinataja pia dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Ndiyo, dawa. Sakafu ya kontena ni plaiwudi nene ya milimita 28 hivi, na kiwandani hutiwa sumu ya wadudu ili mchwa wa bara moja wasihamie bara jingine kwa nauli ya mwenye mzigo. Wewe sasa unataka kuotesha chakula juu yake. Ing'oe, au uifunike kwa rangi ya epoksi, ukome kuwaambia wageni kwamba kilimo chako hakijui dawa.

Kuna pia kontena la friji, lile la kubebea samaki na matunda. Kuta zake zimeshajazwa povu la kuzuia joto, na lililokufa mashine huuzwa kwa nafuu. Hilo ndilo la kununua. Mimi nilinunua la kawaida kwa sababu lilikuwa la buluu.

Kulisafirisha ni lori lenye kreni na maombi. Kontena lina upana wa mita 2.44. Pima geti lako. Mimi nilipima baada ya lori kufika, na tofauti ya sentimita chache ikanigharimu nguzo nzima ya geti. Likishashuka, liegemeze kwenye pembe zake nne, juu ya matofali imara yaliyopimwa kwa pima maji, kwa kuwa nguvu ya kontena iko kwenye pembe. Likikaa upande, milango itagoma kufunga na utaisukuma kwa bega kila asubuhi.

Ukimwita fundi wa kuchomelea, usimwache peke yake na grinda. Fundi hupenda madirisha. Kila tundu kubwa analokata ubavuni linapunguza nguvu ya sanduku, kwa hiyo kila tundu liwe na fremu ya chuma. Na umeme uwe na ethi ya kweli, iliyochimbiwa ardhini na kupimwa, si waya uliochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Utakuwa umesimama ndani ya chuma, miguu kwenye maji, umeshika taa. Hapo sifanyi mzaha.

Sasa joto. Kontena tupu likipigwa na jua la Dar linakuwa oveni, na saladi ni mmea wa watu wa baridi: joto likizidi nyuzi 27 hivi hukasirika, hurefuka shingo, hutoa maua na kuwa chungu kama shubiri. Kwa hiyo unapuliza povu kwenye kuta ili joto la nje lisiingie. Povu halijui joto la nje wala la ndani, linazuia yote, na taa zako nazo zinatoa joto mchana kutwa. Kwa hiyo unafunga AC. Unapofunga AC unaziba kila upenyo ili ubaridi usipotee. Ukishaziba, majani yanamaliza hewa ya ukaa iliyomo ndani na kuanza kudumaa. Kwa hiyo unatoboa tundu na kuweka feni ya kuingiza hewa kutoka nje. Hewa ya nje ni ya moto. Hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipanga shelfu za ngazi tatu pande zote mbili, unapata kama mita 18 za mraba za kupandia. Saladi inataka mwanga wa kutosha kila siku, na kwa taa nzuri za LED mwanga huo unakula karibu uniti moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Ni kama uniti 27 kwa siku, za taa peke yake. Uniti ikiwa karibu shilingi 350, unalipa elfu tisa na ushee kila siku inayokwenda kwa Mungu ili mmea uone kile ambacho nyasi za barabarani zinakiona bure, tena mara mbili yake. Na saladi haiko tayari kesho, inakaa siku arobaini hivi. Bado AC. Bado pampu. Mama Neema, mwenye nyumba na mwenye LUKU, aliangalia mita ikihesabu, akaniuliza kwa upole kama huko ndani nimeoa.

Soko la saladi ni hoteli za mjini, na hizo zinaletewa mboga kutoka Lushoto, ambako ubaridi haulipiwi. Kwa kifupi ndiyo biashara niliyokuwa nimeianzisha: taa zangu zilinunua jua la Kimara, AC ikanunua ubaridi wa Lushoto, nami nikavishindanisha na Kimara na Lushoto zenyewe.

Humo hakuna udongo, saladi inalishwa kwa maji yenye mbolea, na mbolea hiyo ni rahisi ukisikia la mkuu. Kalisiamu naitreti ina ndoo yake, magineziamu salfeti ina ndoo yake. Ukizichanganya zikiwa nzito, zinagandana na kutua chini kama unga mweupe, na huo ni jipsamu, ile ile ya dari. Nilitengeneza kama kilo mbili. Pima pH ibaki kati ya 5.5 na 6.5, basi.

Umeme ukikatika (sikusema *kama*), maji yanaacha kutembea kwenye mabomba, na mizizi iliyozoea kunyweshwa kila dakika inaanza kukauka ndani ya saa chache. Wakati huo AC nayo imelala. Utalazimika kufungua milango yote miwili, na hapo mbu, nzi weupe na kuku wa jirani wataingia kwa heshima zote kukagua ulichokuwa unawaficha. Nunua jenereta. Ukishanunua jenereta, utakuwa unachoma petroli ili kuwasha taa ili kuotesha majani, na nakusihi usimweleze mtu mlolongo huo kwa sauti.

Jambo la mlango lilitakiwa kuja mapema. Komeo za kontena ziko nje. Zote. Lilibuniwa kubeba shehena, na shehena huwa haitoki yenyewe. Mpwa wangu wa miaka sita aliona mlango uko wazi, akafanya alichofundishwa, akaufunga na kwenda kucheza. Nilikaa humo dakika arobaini na saladi mia mbili, tukitazamana. Weka mlango mdogo wenye kitasa cha ndani kabla hujaweka mche wa kwanza.

Aliyetuletea masanduku haya si mkulima. Malcom McLean alikuwa mtu wa malori huko Marekani, na tarehe 26 Aprili 1956, siku ambayo miaka minane baadaye ilikuja kuwa ya Muungano wetu, alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal-X kutoka Newark kwenda Houston. Wazo la kuotesha mboga humo lilikuja kushika moto baadaye, na kampuni ya Freight Farms ya Boston, iliyoanza mwaka 2010, iliyauza yakiwa tayari na taa na mabomba. Mwaka 2025 ikafilisika, na Boston wana theluji ya kujitetea nayo.

Lakini nisiwe mchoyo, iko sehemu moja mambo haya yana akili timamu. Wajerumani waliunganisha makontena mawili ya futi 20 karibu na kituo chao cha Neumayer III, Antaktika, na mwaka 2018 wakavuna kilo 268 za mboga kwenye eneo la mita za mraba 12.5. Kule jua hupotea zaidi ya miezi miwili na gari la mboga halipiti. Kama unaishi Antaktika, futa yote niliyosema.

Kitu kimoja hakikunigharimu senti. Mmea hurudisha hewani karibu maji yote unayoyanywa, kwa hiyo ndani ya kontena palikuwa na unyevu wa msikitini wakati wa kutawadha. Paa la chuma lilitoa jasho, matone yakanidondokea shingoni, kutu ikaanza kwenye kona. AC ilikamua sehemu ya maji hayo na kuyatoa nje kwa kibomba, tone kwa tone, mchana na usiku. Mama Neema akachomeka marando matatu ya matembele pale chini ya kibomba. Yametambaa hadi kwenye choo cha nje. Tumekula matembele mwaka mzima, na wageni wote waliokuja kuona kilimo cha kisasa wameondoka na fungu la matembele.

Siku ukichoka, dalali yule yule atafika bila kuitwa. Atagonga ubavu, ngo, ngo, atataja nusu ya bei aliyokuuzia. Taja AC. Usitaje jipsamu. Akiingia ndani, akagusa kutu ya kwenye kona na kukuuliza kama linavuja, mtazame usoni umjibu: "Halivuji hili, bosi." Maji yale hayakuwahi kuingia kutoka nje.