Heko kwa Sponji Inayobambuka

Waimbaji wamesifiwa, wapiga gitaa wamesifiwa, hata spika imepata watetezi wake. Iliyonyimwa sifa ni sponji ya hedifoni, ile ya kuvishwa ngozi bandia, ambayo baada ya miaka michache hubambuka na kumwachia mwenyewe vipande vyeusi shavuni na kwenye kola ya shati jeupe alilovaa kwenda kwenye usaili.

Ukarimu wake hauna mfano: hugawa hata mwili wake. Ngozi hiyo mara nyingi ni tabaka jembamba la poliyurethani juu ya kitambaa, na poliyurethani haipatani na unyevu. Maji ya hewani na ya jasho huikatakata minyororo yake ya kikemikali, joto likichochea. Ukiifungia kabatini bila kuivaa, bado hubambuka. Utumishi wa namna hii, wa kuchakaa hata siku za mapumziko, ni wa nadra.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah aliliuzia Jeshi la Majini la Marekani hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake. Masikio ya mabaharia yalikutana na vikombe vigumu, bila mto wa kuwapoza. Leo Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na ingali studioni, hudumu miaka na miaka. Kinachokufa ni sponji zake. Hufa kwa niaba ya wengine, na shukrani haipewi.

Tena ina mamlaka. Kwenye hedifoni zilizofunikwa, besi hutegemea hewa kuzibwa vizuri kuzunguka sikio. Sponji ikipasuka au ikilala bapa, hewa hupenya, besi hupungua, na msikilizaji humlaumu mpiga besi asiye na kosa. Zile za kuzima kelele nazo huanza kuruhusu mngurumo wa basi kuingia. (Kumtesa fundi mitambo asiyejua kwa nini wimbo wake umekuwa mwembamba ni kazi ya heshima.)

Haidai mengi: ifutwe jasho kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kabla ya kurudi mkobani, isiachwe ndani ya gari juani. Spiriti huikausha na kuipasua mapema, ingawa wapenda usafi hawakomi kuimiminia.

Hata maziko yake ni mepesi. Ya MDR-7506 huvutwa tu, kisha pindo la mpya likapachikwa kwenye mfereji unaozunguka kikombe, bila gundi. Za AirPods Max hushikwa na sumaku. Nyingine zina vibanio au gundi, nazo zahitaji subira.

Basi mwenye hedifoni na apanguse shavu, apime kipenyo na unene wa sponji ya zamani, aagize ya vipimo hivyo hivyo. Ya mahameli haibambuki, lakini mara nyingi humpunguzia besi.