Kasoro Mifuko Mitatu

Mteja wa Lubumbashi hana kosa. Alipiga simu asubuhi, akasalimia kwa adabu, akauliza kama ninaweza kumshonea mifuko 40 ya kitenge kile chenye macho. Nikavaa miwani, nikafungua kaye, daftari langu la stoki. Jicho la Mke Mwenza, pisi moja na robo. Ukurasa wa pili, Samaki Halali, pisi moja na robo. Mbele kidogo, Jirani Anachungulia, pisi moja na robo. Pisi ya yadi 6 hunipa mifuko 12. Nikapiga hesabu, nikamjibu kwa kiburi: "Mama, hata 45 utapata."

Kisha nikafungua sanduku. Kitenge kilikuwa kimoja tu, kimekunjwa vizuri, kinanitazama kwa macho yake yote.

Ngoja nieleze. Hapa Katanika, karibu na Kalemie, tunashona watu watatu, na kila mmoja ana majina yake. Mimi nasema Jicho la Mke Mwenza, kama walivyosema wanawake wa soko tangu nikiwa msichana. Fundi wangu wa kwanza alitoka upande wa Nyunzu, akafika hapa mwaka 2017, Katanika ilipojaa watu waliokimbia vita. Yeye katika macho yale aliona samaki anayekaa macho wazi usiku kucha, basi kwake ni Samaki Halali (ni kulala, si dini; wateja Waislamu huuliza). Fundi wa pili ana jirani mbaya. Kila aliyeshika kalamu aliandika jina lake, na kaye haikubisha.

Mteja alipata mifuko 15 na pole nyingi. Bado tunasalimiana, lakini siku hizi haulizi habari za watoto.

Aibu ya namna hiyo haifichiki nyumbani. Mtoto wa kaka yangu, aliyesoma informatiki na bado anatafuta kazi, akaisikia. "Shangazi," akasema, "unahitaji programu ya stoki." Alisema kama daktari anayekuambia utapasuliwa.

Tulianza na jedwali, kwa sababu lilikuwa tayari kwenye kompyuta yake. Nikaandika kitenge kilichobaki: 3/4, yaani robo tatu ya pisi. Nikabonyeza. Jedwali likaandika tarehe 3 Aprili. Nikafuta, nikaandika tena, Aprili ikarudi. Cha pili kilibaki nusu, nikaandika 1/2, kikawa Februari Mosi. Kufika jioni sikuwa na kitenge hata kimoja, nilikuwa na kalenda.

Mtoto akacheka, akaniambia nisione haya, hata wakubwa yamewapata. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba jeni 27 zimebadilishwa majina, maana jeni iliyoitwa SEPT1 ilikuwa ikiingia kwenye majedwali ya wanasayansi ikiwa jeni na kutoka ikiwa Septemba. Sasa inaitwa SEPTIN1. Yaani binadamu amekubali kubadili majina ya vilivyomo mwilini mwake ili asigombane na jedwali. Kuna dawa yake, najua, alinionyesha: unaandika sifuri kwanza, unaacha nafasi, ndipo robo tatu. Sifuri robo tatu! Mwambie fundi akukatie kitambaa sifuri robo tatu, uone atakavyokutazama.

Akaleta jina la pili, Odoo. Ilizaliwa Ubelgiji mwaka 2005, wakati huo ikiitwa TinyERP, na ukichukua sehemu moja tu hulipi kitu. Ya stoki ni mojawapo. Baba watoto, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake, akainua kichwa.

"Wabelgiji tena?"

Alifundisha historia miaka mingi, na kustaafu hakukumponya. Akatukalisha. Mwaka 1950, akasema, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwa Edward, akakuta mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa safu tatu. Una miaka kama 20,000. Aliyeukata huenda alikuwa akihesabu kitu, hakuna anayejua kitu gani, na mfupa uko Brussels hadi leo. "Kaye yetu ya kwanza wameibeba," akamaliza, "sasa wanatuletea programu."

"Lakini ni bure, papa," mtoto akasema.

"Hata mfupa waliuchukua bure."

Mimi sikuiacha kwa ajili ya mfupa. Niliiacha kwa ajili ya mega. Odoo ile ya bure inakaa kwenye intaneti, na mimi mega nazinunua kama mafuta ya kupikia, kipimo cha leo kwa ajili ya leo. Ipo njia ya kuiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, lakini kompyuta yenyewe ni ya kijana, na kijana siku moja ataoa aondoke nayo.

Ya tatu ni ya simu, haihitaji mtandao. Jina silitaji, isije ikasikia. Ilianza kwa kutaka kila kitenge kiwe na namba badala ya jina, na hapo nikairudishia heshima kidogo. Hata Vlisco wa Uholanzi, wanaochapa vitambaa tangu mwaka 1846, vitenge vyao wanavitambua kwa namba. Majina yanatiwa na wanawake sokoni. Mtoto akasema basi tusome ukingo wa kitambaa. Tukasoma. Vyangu vimetoka China, vimevuka ziwa kutoka Kigoma, na vyote ukingoni vimeandikwa maneno yaleyale ya kujisifu. Na ukingo ndio fundi anaoukata kwanza.

Tukatunga wenyewe: K-01, K-02, mpaka K-19. Kesho yake fundi wa Nyunzu akauliza K-01 ni ipi. Nikamjibu, "Samaki Halali." Yaani mimi, kwa mdomo wangu.

Halafu sarafu. Franga au dola, chagua moja. Sasa nichague vipi? Kitenge nanunua kwa dola, mfuko nauza kwa franga, uzi nanunua kwa chochote kilichobaki mfukoni. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu franga 2,800, na kiwango hicho hakina adabu ya kukaa mahali pamoja. Tena nina noti ya dola 20 niliyopokea gizani, ina mchaniko wa ukubwa wa punje ya mchele, na Kalemie nzima hakuna anayeigusa. Si pesa, kwa sababu haipokelewi. Si bidhaa, kwa sababu hainunuliwi. Mtoto akaiingiza kwenye stoki: noti, moja. Ndiyo kitu pekee ambacho hesabu yake haijawahi kukosea.

Programu ikauliza mali iko wapi: ghala gani, rafu ya ngapi. Mimi nina kitanda. Tukaandika "Upande wa mama" na "Upande wa baba". Ikauliza kiwango cha chini, ili stoki ikishuka inikumbushe. Nikaweka kumi, bila kufikiri sana.

Wiki ya pili ikaniambia nina mifuko kasoro mitatu. Si mitatu, kasoro mitatu, na kijistari mbele yake. Niliinama chini ya kitanda kwa taa ya simu. Sijui nilitegemea kuona nini huko. Mtoto akanieleza: fundi alimaliza mifuko mitatu, nikaiuza njiani kabla ya mtu yeyote kuiingiza, basi kwa macho ya programu nimeuza nisichokuwa nacho. Nikanyamaza. Mteja wa Lubumbashi nilimfanyia hivyohivyo, ila kaye haikunisuta.

Juzi usiku, saa nane, simu ikalia. Baba watoto ndiye aliyeifikia kwanza. Akapapasa miwani, akasoma, akaisogeza karibu, akasoma tena kwa sauti, taratibu, kama anayesomea wanafunzi: "Upande wa baba. Stoki iko chini ya kiwango. Agiza mpya."

Akaizima, akaiweka kifudifudi juu ya sanduku. Tukakaa gizani. Baadaye akauliza kwa upole huwa ninaagiza kutoka wapi.

"Kigoma," nikamjibu, nikageukia upande wangu.