Namna ya Kuishi Kensington na Katiba Mkononi

Wewe unayeamka Kensington, mashariki ya Johannesburg, ukashika Roberts Avenue kwenda kutafuta riziki, mwongozo huu ni wako. Uwe umetoka Lubumbashi, Bukavu, Tanga au Mombasa, umeshajifunza kukwepa vibaka na kukimbilia teksi. Sasa jifunze katiba. Ya Afrika Kusini iko bure kwenye intaneti, na simu unayo.

Usianzie ukurasa wa kwanza, utasinzia. Nenda Sura ya 2, uisome kwa kidole kama mtoto wa chuoni anayepambanua herufi. Kuna haki za raia peke yao, kama vile kupiga kura, kugombea, kupewa pasipoti ya nchi. Hizo waachie wenyewe mpaka upate uraia. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ni za kila mtu: uhai, utu, usawa mbele ya sheria, matibabu, elimu ya msingi, kesi ya haki. Waliotunga sura hii walikuwa wametoka kwenye ubaguzi uliompangia mtu hata benchi la kukalia, na ukidai haki hizi hujaomba fadhila ya mtu.

Sasa mazoezi. Umefika kliniki na mtoto mwenye homa, langoni kasimama bwana aliyejipa cheo, anataka kuona makaratasi yako. Muulize kwa adabu: wewe ni polisi, au ofisa wa uhamiaji? Sheria haimruhusu raia wa kawaida kumdai mwenzake hati mtaani. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwaamuru Operation Dudula, kundi linalowaandama wageni, waache kabisa kufanya hivyo. Ila tumia akili: wakiwa kundi na fimbo mkononi, huo si wakati wa kufundisha sheria. Mtoe mtoto hapo kwanza. Kisha andika saa, mahali na majina ya walioshuhudia, upeleke Tume ya Haki za Binadamu. Tume hiyo imeundwa na katiba yenyewe, na malalamiko hupokelewa bila malipo.

Ukikamatwa kweli na polisi, shika mambo mawili. Sharti ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilisema ulinzi huo unamhusu pia mgeni anayeshikiliwa kwa sababu za uhamiaji. La pili, kesi iendeshwe kwa lugha unayoielewa, au utafutiwe mkalimani. Kiswahili hakimo katika lugha rasmi 12 za nchi hii, lakini kizimbani una haki ya kukidai. Kidai. Usiitikie "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa.

Jifunze pia kugonga mlango unaostahili, maana wengi tunapoteza siku nzima kwenye foleni ya watu wasiohusika. Serikali hapa ina ngazi tatu. Shimo la barabarani, maji na taka ni kazi ya jiji, kwa hiyo mtafute diwani wa kata yako, Rais hatakuja na koleo. Shule na hospitali kubwa ziko chini ya jimbo la Gauteng. Vibali na hifadhi ya wakimbizi ni serikali kuu.

Rais mwenyewe hachaguliwi moja kwa moja na wananchi, jambo linalowashangaza Watanzania na Wakenya. Wananchi huchagua Bunge la viti 400, nalo Bunge humchagua Rais. Ndiyo sababu mwaka 2024 ANC, baada ya kupata viti 159 tu, ilibidi ibembeleze vyama vingine ndipo Ramaphosa arudi madarakani. Wahindi nao wamejenga serikali yao juu ya Bunge tangu katiba yao ianze kutumika tarehe 26 Januari 1950, ila wao wametenganisha: Rais ni mkuu wa dola, Waziri Mkuu ndiye mtendaji. Afrika Kusini imempa mtu mmoja kofia zote mbili, kisha ikaweka majaji juu yake. Mwaka 2016 majaji hao walimwambia Rais wa wakati huo, Jacob Zuma, kwamba ameshindwa kuilinda katiba, na akalipa sehemu ya fedha za umma zilizotumika nyumbani kwake Nkandla.

Siku ya mapumziko panda teksi ya mjini, uende Constitution Hill. Mahakama ya Katiba imejengwa palipokuwa gereza, na baadhi ya matofali ya gereza hilo yamo katika jengo lake. Gandhi alifungwa hapo mwaka 1908, Mandela naye alishikiliwa hapo. Vikao viko wazi kwa umma. Ingia ukae.

Ukiwa umekaa, mkumbuke Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar. Alihusika na mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, akajificha Cape Town, na mwaka 1999 maofisa wakamkabidhi haraka kwa Wamarekani. Waliokufa Dar walikuwa watu wetu, na simwonei huruma. Hata hivyo mwaka 2001 majaji walisema serikali ilivunja katiba, kwa sababu haikupata kwanza ahadi kwamba hatauawa. Nakala ya hukumu ikapelekwa New York, na huko alipewa kifungo cha maisha. Majaji walikuwa sahihi. Kama katiba inamkinga mgeni mwenye kosa la namna ile, basi muuza nyanya wa Kensington hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote.

Zoezi la mwisho: shule hufunguliwa Januari. Mwalimu mkuu akimkataa mwanao kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, mpelekee nakala ya hukumu ya Desemba 2019 ya Mahakama Kuu ya Makhanda, inayosema mtoto asiye na hati naye asome. Mpelekee na mtoto mwenyewe, akiwa amevaa sare.